Hedfoni za Kusafiri na Mama Mkwe

Mke wangu Celestine alijifungua Nairobi Jumatatu, mtoto wetu wa kwanza. Jumanne asubuhi shemeji yangu Ombati, mtu ambaye hutenda kwanza akafikiri wiki ijayo, akatukatia tiketi za basi la kesho yake. Kiti cha saba mimi, cha nane mama mkwe. Bega kwa bega, Kisii mpaka Nairobi.

Asiye Mkisii atauliza, kwani kuna nini? Kuna chinsoni, ndugu yangu, ile heshima inayonifanya nipite kichakani nikimwona mama mkwe barabarani. Miaka mitatu ya ndoa hatujawahi kuangaliana usoni. Na huyo mama, Nyakerario wa Kenyenya, ana dada watano wanaopiga simu kwa zamu, na wiki hiyo habari ilikuwa moja tu: uzazi. Nani kashonwa, ziwa lipi limegoma. Nikisikia hata nusu yake, sitakanyaga tena boma lake. Na basi lilikuwa limejaa, kiti cha kubadilisha hakuna.

Nikaenda kwa Beverlyne, anayeuza vitu vya simu karibu na stendi.

"Nataka hedfoni ndogo za safari. Begi limejaa unga wa wimbi wa uji wa mzazi, na nafasi iliyobaki imekaliwa na kuku."

Akanipa vidude viwili kama punje za maharagwe. "Hizi zinaingia mfuko wa shati. Ukivaa, hakuna anayejua."

"Hapo ndipo shida. Nataka aone kwamba sisikii."

"Nani?"

"Mama mkwe. Nakaa naye basi moja, kiti kwa kiti."

"Alaa! Kumbe hutafuti hedfoni, baba, unatafuta ukuta." Akashusha nyingine kubwa kama sufuria mbili zilizoshonwa kwa mshipi. "Hizi hata aliye Nyamira ataona kwamba husikii."

"Zinakunjika?"

"Kitakachokunjika ni shingo yako."

Tukazijaribu begini. Kuku akatoa kichwa akatuangalia kwa dharau. Ama yeye ama hedfoni, mmoja ilibidi abaki Kisii, na kuku hakuwa tayari. Beverlyne akachimba chini ya meza akaja na za tatu, nyekundu, zinajikunja kama miguu ya panzi, na ukivaa zinaonekana ng'ambo ya barabara. Nikavaa. Kabla hajaziunganisha na simu yangu, mama mkwe akaingia dukani.

Nikageukia ukuta wa makava ya simu. Yeye akageukia mlango. Beverlyne akabaki katikati kama mpaka wa shamba.

"Binti," mama akauambia mlango, "nataka hedfoni ndogo za safari. Kesho nakaa na mkwe. Hawa wanaume wa kwao Ikonge hukoroma kama kiwanda cha chai, na mimi sitaki kujua."

Beverlyne akamvalisha, akamfungulia kwaya. Sasa, mtu akishavaa hedfoni hajui tena sauti yake inafika wapi.

"HIZI NI NZURI!" mama akanguruma. "MASIKIO TUMEMALIZA! TUMBO JE? MIMI HUTAPIKA KUANZIA NAROK MPAKA MAI MAHIU! NITATAPIKAJE MBELE YA MKWE? YAYA, HAPANA, SIENDI! MJUKUU NITAMWONA KRISMASI!"

Nje, watu wa bodaboda wakanyamaza. Mmoja akazima injini asikie vizuri.

Nilisikia kila neno. Hedfoni zangu zilikuwa tupu kama mtungi wa kiangazi. Na akijua nimesikia, haendi. Kule Nairobi Celestine anangoja mikono ya mama yake. Mimi kuosha najua kuosha ng'ombe tu. Basi nikaanza kutingisha kichwa kama mtu aliyenogewa na wimbo.

"BEVERLYNE!" nikauambia ukuta. "HIZI NI KALI! SIKUSIKII! NA MIMI NIKIPANDA BASI HUFUNGA MACHO MPAKA NAIROBI! HATA LIPINDUKE!"

Mama hakusikia. Kwaya ilikuwa ubeti wa tatu. Nikarudia mpaka makava yakatikisika. Mwishowe yule wa bodaboda aliyezima injini, kwa jina Bravin, akaingia akamwinulia mama upande mmoja wa hedfoni.

"Mama, mkwe wako anasema hasikii kitu, na kesho atafunga macho."

"Amesikia nilichosema?"

"Hapana, mama. Ni sisi wengine tu."

Mama akawaza. "Binti, nifungie hizi," akauambia mlango.

Jumatano tukapanda. Simu yangu ilizimika kabla hatujafika Bomet, hedfoni zikabaki pambo. Dada wa kwanza akapiga simu. "ALISHONWA TATU!" mama akamjibu. Basi zima likageuka. Mzee mmoja nyuma akanigusa, "Pole, kijana, ni mkeo?" Nikafumba macho zaidi, nikapiga mguu chini kwa mdundo ambao haukuwepo. Narok nikasikia mfuko wa plastiki. Nikasikia na maombi, na mfuko wa pili.

Wodini Celestine alikuwa ameketi, mtoto mikononi mwa bibi yake tayari.

"Bosire, tangu saa nne nakupigia, simu imezimwa!"

Mama, aliyekuwa ameelekea dirisha, akavua taratibu, kwa mkono mmoja, hedfoni zilizokuwa zimeshuka shingoni. Niliona mgongo wake ukipiga hesabu: simu imezimwa, sasa nyimbo zilitoka wapi?

"Celestine," akasema, "wewe umezaa juzi, kichwa hakijatulia. Simu yake ilikuwa inaimba njia nzima. Niliisikia mwenyewe."

"Lakini mama, si na wewe ulikuwa umevaa—"

"Nimesema niliisikia."

Akamlaza mtoto kitandani, akarudi nyuma hatua mbili, akageukia dirisha tena. Ndipo nikasogea, nikamwinua mwanangu.