Swali Lisilo na Tiki

Jumatatu ile mwalimu wa darasa la kwanza aliingia maktaba ya chuo kikuu na vitabu kumi na kimoja ndani ya mfuko, kuvirudisha na kuaga. Uzamivu wa elimu ulikuwa umemshinda, basi. Miaka sita! Hata mkewe alishaacha kuuliza utaisha lini. Na asubuhi hiyo msimamizi wake, profesa asiyejua kufoka, alikuwa amemwambia kwa upole kwamba kurasa zote mia tatu amezisoma na bado hajui zinauliza nini. Akampa wiki mbili. Zikipita, jina linafutwa.

Tuseme ukweli, kosa lilikuwa lake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sura yake ya kwanza ilisifiwa, naye akaanza kuimwagia nadharia, kila mwezi nadharia mpya, mpaka mwenyewe akapotelea humo.

Kaunta ya watafiti ilikuwa ya Mama Daftari. Wanafunzi walimbandika jina hilo kwa sababu kompyuta anayo, lakini swali la kila mtu huliandika kwanza kwenye daftari la jalada gumu, kwa maneno ya muulizaji, bila kuyapiga pasi. Likipata jibu, anatia tiki. Ndiye aliyemtafutia Mwalimu makala kutoka vyuo vya mbali, akamfundisha kupanga marejeo, akamkemea kwa kula karanga juu ya tasnifu za watu.

Alivitazama vile vitabu asivipokee. Akauliza kuna nini, akaelezwa. Akainama chini ya kaunta, akaibuka na daftari la miaka sita nyuma, akalamba kidole, akafunua.

"Siku ya kwanza uliniuliza hivi," akasema, akasoma. "'Mama, kwa nini watoto wangu wanasoma vizuri ubaoni, nikiwapa kitabu wanakwama?' Halina tiki, Mwalimu. Mimi bado nasubiri."

Mwalimu akawaona akilini watoto wake wakiimba sentensi ya ubaoni kwa sauti moja, macho yao yako dirishani. Kumbe ni hilo tu alilotaka kujua, na jibu alikuwa nalo siku nyingi, amelifukia mwenyewe.

"Umekula ng'ombe mzima," Mama Daftari akamwambia, "mkia ndio ukushinde?"

Akarudi nyumbani na mfuko wake. Siku kumi na tatu alifuta zaidi kuliko alivyoandika. Kurasa zikabaki mia moja na themanini, na swali lile likakaa mstari wa kwanza kama lilivyomtoka kinywani. Msimamizi akalielewa, watahini wakabishana weee, mwisho wakampitisha.

Alipoleta nakala iliyojalidiwa, alimpa Mama Daftari kalamu atie tiki. Mama akakataa, akasema yeye hatii tiki jalada kabla hajasoma ya ndani. Akaibeba tasnifu kwenda nayo nyumbani.

Siku ya nne akapiga simu.

"Nimetia tiki," akasema, sauti imeshuka. "Jana nimempa mjukuu wangu kitabu. Kumbe siku zote alikuwa anatuimbia tu. Sasa Mwalimu, naanzia wapi naye?"

Mwalimu akavuta daftari lililokuwa karibu, akaliandika swali lile kwanza, kama alivyoulizwa.