Mbwa Aliyeitwa Wivu

Shuvai hakumpa mbwa wake jina, alimpa tusi. Alimwita Godo, yaani wivu, na kila alfajiri alisimama uani akapaza sauti: "Godo! We Godo! Huchoki kutazama vya wenzio?" Ng'ambo ya ua aliishi Erina, mke wa kaka mkubwa wa marehemu mumewe, ambaye kwa heshima alimwita Maiguru. Huwezi kumtukana Maiguru wako waziwazi, kijiji kizima kitakuzomea. Lakini mbwa wako mwenyewe, nani atakukataza kumwita? Huku Gutu ndivyo watu wanavyosemana, na kila apitaye njiani anajua nani kasemwa.

Kosa la Erina? Siku Shuvai alipoezeka nyumba kwa bati alilotumiwa na mwanawe aliyeko Johannesburg, watu walipita wakipiga vigelegele. Erina akapita kimya. Basi! Kwa hilo tu, miaka tisa ya matusi.

Na katika miaka hiyo Shuvai akampenda yule mbwa kupita kiasi. Mwana haji, simu zake za kubahatisha. Godo ndiye aliyemsindikiza shambani, ndiye aliyelala mlangoni, ndiye aliyesikiliza habari za magoti yake mabovu. Shuvai alimmegea ugali wake wa sadza kabla hajala mwenyewe.

Agosti moja mbwa akaacha kula. Siku ya tatu hakuonekana. Shuvai aliita mpaka koo likakauka, akazunguka mtoni na mashambani, asimwone. Ikabaki nyumba moja tu, ambayo hakuikanyaga tangu matanga ya mumewe. Akaenda.

Nyuma ya jiko akasikia sauti ya Erina ikibembeleza.

"Godo, mwanangu. Kunywa kidogo. Tone moja tu, Godo wangu."

Shuvai akaganda. Jina alilomrushia huyu mama kama jiwe, leo mama huyohuyo analitamka kwa upole kuliko alivyowahi kulitamka yeye. Aibu ikamwasha mwili mzima.

"Ingia, Mainini," Erina alisema bila kugeuka, akimwita kama aitwavyo mke wa mdogo wa mume. "Amekuja mwenyewe. Huja kila ukienda kisimani, hukujua?"

Hakujua. Alikaa chini, mbwa akaweka kichwa mapajani mwake, akavuta pumzi mbili tatu, akakata roho. Shuvai alilia kwa sauti, mtu mzima analilia mbwa! Erina hakumcheka. Alileta jembe.

Walipomaliza kumzika, Shuvai akajikaza. "Maiguru, lile jina..."

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Kwani mimi sina masikio?"

"Na hamkusema kitu?" Shuvai aliuliza, sasa akimtaja kwa wingi wa heshima.

"Mwaka wa kwanza nililia. Halafu nikazoea. Nikisikia makelele yako najua umeamka mzima, nawasha moto wangu. Asubuhi ile uliposhikwa na malaria hukuita. Unadhani nani alikuletea muuguzi?"

"Nilidhani wanawake wa kanisani."

"Wanawake wa kanisani!" Erina akasonya.

"Na siku ile ya bati?"

"Bati? Siku ile nilitoka kliniki. Nimeambiwa jicho hili limekwisha. Nilipita nikilia, hata kwangu nusura nipapite."

Ardhi ingepasuka, Shuvai angeingia kwa hiari yake. Radhi hakuiomba. Akaondoka kama mwizi, hata kuaga hakuaga.

Alfajiri akatoka uani. Hakuna wa kumwita. Ng'ambo ya ua moshi haukupanda, na Shuvai akajua ni yeye anayengojwa. Wanawake walikuwa wakipita na ndoo zao. Aliona haya, akataka kurudi ndani angoje wapite. Lakini matusi aliyatoa mbele za watu, sasa radhi akaiombe mafichoni? Akapiga magoti palepale, akapiga makofi ya heshima, akapaza sauti.

"Maiguru! Nimekosa! Miaka tisa nimewakosea!"

Wanawake wakasimama, midomo wazi.

"Nimesikia," Erina akajibu kutoka jikoni kwake. "Na walioko mjini Masvingo wamesikia. Inuka, uje tuwashe moto tunywe uji. Nusura unifishe njaa kwa kukungoja."

Shuvai akainuka, akajipangusa magoti, akaenda. Hakumtazama mtu yeyote usoni mpaka alipofika.