Firigisi ya Mgeni

Theodora, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Alute kwa jina la mwanawe wa kwanza, hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Mjane, ndiyo. Paa lake la udongo lilikuwa limebonyea, ndiyo. La nani halikubonyea? Lakini mgeni akifika katika kijiji hiki cha ujamaa nje kidogo ya Ikungi, mwenyekiti Lazaro hakuhangaika kumtafutia pa kula. Alimpeleka kwa Mama Alute, basi. Heshima yake yote kijijini ilikuwa hiyo, na aliivaa kichwa juu.

Ndivyo alivyoletewa Setsuko, dada mwembamba wa Kijapani mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Kwao Osaka alikuwa akipika uji kwenye sufuria kubwa na kuwagawia vibarua waliokosa kazi bandarini, na alikuwa ameandika vitabu viwili juu ya maisha yao. Sasa alitaka kuona watu wanavyoupiga vita umaskini kwa kulima pamoja.

Mwaka huo mvua iliadimika, mtama ukanyauka ukiwa bado magotini. Mama Alute hakutetereka. Alimkamata jogoo wake wa mwisho, akachinjisha, akasonga ugali, na juu ya nyama akaweka firigisi. Sasa, firigisi huku kwetu hailiwi na yeyote tu. Ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye mwenye nyumba ameamua kumpandisha hadhi. Majirani waliokuja kula wakatazamana, maana hata shemeji zake hawakuwahi kuipata.

Setsuko aliitazama sahani, akawatazama watoto mlangoni, machozi yakamlenga. Akaichukua firigisi akampa mtoto mmoja, kisha akaisukuma sahani.

"Mama, mimi sili. Chakula kidogo. Wape watoto."

Nia yake ilikuwa njema, nani atasema haikuwa? Kwao alijiwekea sheria ya kutokula chakula cha maskini. Lakini nia njema haikuwaziba midomo majirani. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kisimani. Wengine wakasema mgeni kaona uchafu. Wengine, wale wenye ulimi mbaya, wakasema kaogopa sumu. Wiki iliyofuata akaja bwana shamba kutoka mkoani, na Lazaro akampitisha mbele ya mlango wa Mama Alute, akampeleka kula kwingine. Iliuma jamani, iliuma kuliko njaa.

Mama Alute hakulia. Alijifunga khanga kiunoni, akaenda shamba la kijiji, akamkuta Setsuko analima pamoja na wanawake wa kijiji, viganja vimechubuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka jembe chini unisikilize. Wale vibarua wenu uliotusimulia, ukimpa mmoja uji akaukataa, unajisikiaje?"

Setsuko alifikiri. "Vibaya. Mzee mmoja alikataa. Nililia."

"Na mimi umenifanyia hivyo hivyo. Jogoo si kitu, atapatikana mwingine. Lakini nilikunyooshea mkono, ukaurudisha mbele za watu. Umekuja kupiga vita umaskini, mwanangu. Mimi sikuwa maskini mpaka siku ile."

Uso wa Mjapani uliiva. Aliinama, kama wanavyoinama kwao, akabaki ameinama mpaka wanawake wengine wakaacha kulima wakatazama.

Mchana walipotoka shambani, Setsuko aliipita nyumba ya mwenyekiti alikowekewa chakula, wala hakugeuka. Akaenda moja kwa moja kwa Mama Alute, na kundi zima la wanawake nyuma yake likitaka kuona. Hakupiga hodi. Aliingia jikoni akafunua chungu mwenyewe. Kulikuwa na mlenda na ugali wa uwele, kuku hakuna.

"Mama, nina njaa," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Firigisi yangu iko wapi?"

Mama Alute alicheka mpaka akashika ukuta. "Uliigawa mwenyewe. Kanawe mikono, mlenda unapoa."

Akala. Akaongezewa, akala tena, akaomba na ukoko. Alikuwa bado anaukwangua Lazaro alipotokea mlangoni na bwana shamba wake, kofia mkononi, akiuliza kwa upole kama leo pana nafasi ya mgeni.

Mama Alute hakuinuka.

"Ngojeni hapo nje kidogo," akasema. "Binti yangu bado anakula."