Kofia ya Rangi

Kabla ya kuiweka bastola mezani, Oleta Sizemore aliifuta meza kwanza, akatandaza gazeti la wiki iliyopita, akazitoa risasi zote, akachungulia ndani ya bastola, kisha akamwonyesha mumewe naye achungulie.

"Tupu," alisema Hobart.

"Tupu," aliitikia Oleta, na hapo ndipo mtu alipoweza kuvuta kiti. Ndivyo walivyofanya siku zote katika nyumba ile.

Oleta alikuwa askari wa jela ya kaunti, kazi yake kuwapeleka mahabusu mahakamani na kuwarudisha. Kila mwaka, majani yalipoanza kuwa mekundu milimani, askari wote walipimwa shabaha, na aliyeshindwa alivua mkanda. Kazi ya jela isiyo na bastola haikuwapo. Kaunti ilikuwa maskini, kila mtu alifanya kila kitu. Na bima ya kazi hiyo ndiyo iliyoleta mitungi ya hewa ya Hobart. Mzee wa watu alichimba makaa ya mawe tangu ujana, vumbi likamlalia kifuani. Daktari wa kampuni alisema ni sigara, kisha kampuni yenyewe ikafunga mashimo ikaenda zake. Basi pumzi za Hobart zilining'inia kwenye shabaha ya mkewe. Walijua wote wawili, wala hakuna aliyelitamka.

Shida ilikuwa kile kinundu cha mbele, juu ya mdomo wa mtutu, ambacho mlengaji hukiweka katikati ya pengo la nyuma. Kinundu cheusi, na karatasi ya shabaha imechorwa umbo jeusi la mtu. Macho ya Oleta yalikuwa yamezeeka. Akivaa miwani ya karibu alikiona kinundu akaikosa karatasi. Akivaa ya mbali, mtu wa karatasi alikuja lakini kinundu kikamezwa. Vinundu vya kung'aa viliuzwa, ila kwa watu wenye nafasi. Hobart akasema rangi ya kucha inatosha.

"Umepata ya kuwaka?" aliuliza, akiivuta chupa karibu na pua.

"Ya kuwaka. Kale kasichana ka dukani kamenicheka. Kananiuliza, bibi, unaenda dansi gani?"

"Ungemwambia naenda kuua mtu wa karatasi."

"Nimemwambia naolewa tena, huyu wa kwanza ameanza kuvuja."

Hobart alicheka, na kicheko kikamgharimu. Oleta alingoja kikohozi kipite, mkono wake juu ya mtungi.

Mkono wa Hobart kwa rangi ulijulikana bonde zima. Kabla ya kuishiwa pumzi alikuwa akichonga visamaki vya mbao vya kutega kwenye ndoana, anavipaka rangi kwa brashi yenye nywele chache kama nyusi za mtoto, na watu walitoka mbali kuvifuata. Sasa alichukua kijiti chenye pamba, akakichovya kwenye spiriti, akasugua kinundu hadi mafuta ya bunduki yakaisha. Akapaka nyeupe.

"Mbona nyeupe? Si umenituma ya chungwa?"

"Chungwa juu ya chuma cheusi linakufa, mama. Lazima lilale juu ya nyeupe kwanza. Samaki wenyewe wanajua."

Nyeupe ikakauka. Akapaka ya chungwa, akangoja, akapaka tena, na tena, akipumzika kila baada ya mguso. Na kama alivyofanya kwa visamaki vyake, hakuacha ukingo wazi. Kisamaki ukikiachia ukingo, maji huingia na rangi yote hubanduka. Kwa hiyo mkono wake, bila kuuliza kichwa, uliipandisha rangi mpaka juu ya kinundu, ukakifunika kote, ukakiziba vizuri. Ilipokauka ilikuwa kama punje ya mahindi iliyowashwa taa.

Oleta aliinyoosha bastola kuelekea ukutani. Alikiona. Miaka miwili hakuwa amekiona vile.

"Nakiona, Hobart."

"Basi nenda ukale maharage yako, yanapoa."

Asubuhi ya kipimo, uwanja wa shabaha ulikuwa na umande bado. Simu zote ziliachwa kwenye magari, ndiyo sheria. Sajenti Delmas Prater, ambaye Oleta alimfundisha kufunga pingu alipoajiriwa, alipanga watu mstarini. Kwa karibu, Oleta alipiga kama enzi za usichana wake. Punje ile ya chungwa ilikaa pengoni, risasi zikaingia kifuani mwa karatasi. Moyo wake ukatulia. Walipohamia mstari wa mbali alipiga taratibu, bila wasiwasi, na mara hii alijua amefaulu.

Prater aliileta karatasi yake akamnyooshea.

"Bi Oleta, za mbali zimekaa pamoja kama vifaranga. Lakini zote zimeshuka chini ya mstari wa kuhesabiwa."

"Zote?"

"Nionyeshe bastola." Aliitazama bila kuigusa, maana msimamizi haruhusiwi kugusa. "Nani kakupaka hii?"

"Mzee nyumbani."

"Kazi safi. Lakini amekivika kofia. Rangi ingekaa usoni tu, huku kwako. Ikipanda juu, kinundu kinarefuka, na wewe ukikisawazisha unauinamisha mtutu. Kwa karibu huwezi kujua. Kwa mbali, ndiyo hivyo."

"Nimebakiwa na raundi moja ya kurudia."

"Moja. Lenga shingoni, itashuka yenyewe kifuani."

Oleta alitazama karatasi kule mbali. Shingo hakuiona. Aliona kitu cheusi kilichosimama, kama gogo kwenye ukungu.

"Shingo iko wapi, Delmas?"

Askari mmoja kijana alijifanya anafunga kamba za viatu.

Oleta akatoa kisu cha mfukoni. Alikusudia kukwangua juu tu, kofia iondoke, uso ubaki. Aliweka ncha ya kisu ukingoni akasukuma pole pole, kama mtu anayemenya yai. Lakini Hobart alikuwa ameziba vizuri. Rangi ilikuwa ngozi moja, nyeupe na chungwa zimeshikana, haina pa kukatikia. Ilibanduka yote kwa pamoja ikadondoka majanini. Kinundu kikabaki cheusi, kisafi.

"Tayari mstarini?" aliita Prater, na sauti yake haikuwa ya msimamizi.

Alipiga raundi yake ya mwisho akiulenga weusi kwa weusi. Alishindwa, na hata yeye hakushangaa.

Bastola, mkanda na beji aliviacha kwa Prater, ambaye alimwambia bima itakwenda mpaka mwisho wa mwezi, akaongeza kuwa angekuwa na njia angefanya. Oleta alimwambia anajua, mwanangu.

Hobart alikuwa amekaa mlangoni na simu mapajani. Alikuwa amempigia asubuhi nzima.

"Ulipoondoka tu nikakumbuka," alisema. "Nimepaka mpaka juu. Kama kisamaki. Zilishuka?"

"Hazikushuka. Zilitawanyika tu, huku na huku. Ni macho, Hobart."

"Hazikushuka?"

"Nakwambia macho."

Hobart alimtazama kiunoni, pale mkanda ulipokuwa. Oleta aliingia jikoni kupasha chakula, na aliporudi na sahani alimkuta ameinamia mtungi, anapunguza hewa, kidogo tu, ili idumu. Aliiweka sahani chini, akairudisha hewa ilipokuwa. Hobart alingoja mkewe ageuke, akaipunguza tena.