Herufi Nane za Mwalimu

Jumatatu saa tatu asubuhi, fundi wa vibao alikuwa amefika herufi ya tatu ya kibao cha daktari wa meno pale kaka yake, aliyezikwa Jumamosi, alipoingia karakana na kuuliza kiti kiko wapi. Fundi alimwonyesha kwa kidevu, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini. Kaka akakung'uta udongo mabegani, akaketi, akavua kiatu kimoja na kumwaga mchanga.

"Mbona umerudi?" fundi aliuliza.

"Nikifumba macho yanafunguka. Nadhani kuna kitu hamkumaliza."

Fundi alikijua. Juu ya jina la kaka yake, kwenye jiwe la kaburi, aliacha nafasi ya herufi nane.

Kaka alikuwa mwalimu wa hesabu, na mtaa mzima, mama yake akiwemo, ulimwita Mwalimu. Ijumaa aliuawa mbele ya posta, katika umati uliokwenda kuliuliza Baraza la Uchaji tarehe ya uchaguzi. Uchaguzi ulikuwa umeahirishwa mara tatu, na mara ya tatu Baraza lilitangaza kuwa siku ataionyesha Mungu mwenyewe. Bango la Mwalimu lilikuwa na maneno mawili, SIKU GANI?, kazi ya mkono wa fundi, na risasi ilipita palepale kwenye kiulizo.

Jioni hiyohiyo redio ilisoma waraka. Neno marehemu limetokana na rehema. Rehema ni mali ya Mungu, na mali ya Mungu husimamiwa na Baraza. Kwa hiyo hakuna atakayeitwa marehemu bila kibali, na waliokufa kwenye vurugu hawatapewa. Vigezo vya bati ambavyo mafundi hutumia kuchorea neno hilo kwenye jiwe kabla ya kuchonga vilikusanywa karakana kwa karakana na kufungiwa kabatini, ofisini kwa Baraza.

"Kwani huwezi kuchonga bila kigezo?" mama alimuuliza fundi jioni ya Jumatatu, huku akimwekea Mwalimu sahani. "Neno lenyewe umelichonga miaka kumi na minane."

Jumanne fundi alikwenda makaburini akalichonga kwa macho tu. Herufi zilikaa mpaka adhuhuri, kisha jiwe likaanza kujifunga kama kidonda kinachopona, U kwanza, M mwisho. Jumatano alichonga tena, kina kirefu zaidi. Jiwe likachelewa saa moja, likapona.

"Acha bwana," alisema Mwalimu, aliyekuwa amekaa kwenye kaburi la jirani. "Unamaliza patasi bure."

Alhamisi walikwenda ofisini wote wawili, wakapanga foleni kwenye dirisha pekee lililokuwepo. Karani alikuwa kijana nadhifu mwenye mihuri mitano.

"Shida yenu?"

"Tunaomba kibali cha marehemu," fundi alisema.

"Marehemu ni nani?"

"Mimi," alisema Mwalimu.

Karani alilitazama tundu la shati. "Wewe umesimama."

"Nimesimama kwa sababu hamnipi kibali."

"Na kibali hupewi kwa sababu umesimama. Halafu," karani alipekua daftari, "hujaonekana kwenye ibada tangu Ijumaa."

"Ijumaa nilipigwa risasi."

"Jumamosi?"

"Nilikuwa kaburini."

"Jumapili je?"

Mwalimu alifikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo. "Jumapili nilikuwa njiani."

"Safari," karani akaandika, na kugonga muhuri wa onyo.

Fundi aliuliza kuhusu polisi waliofyatua risasi. Karani alimweleza kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kilipo, kwamba kwa kuwa kaka yake si marehemu, hakuna aliyemuua. Jina lake limerudishwa kwenye orodha ya raia wasio na malalamiko.

Kabla ya mwezi kuisha, watu wa namna ya Mwalimu waliofika dirishani walikuwa arobaini na mmoja. Raia wengine walianza kunung'unika kwamba watu hao hawana haraka na wanaacha mchanga sakafuni. Baraza likaamua kufungua dirisha la pili, na dirisha likahitaji kibao. Karani mwenyewe alikileta kigezo karakana, kimefungwa kwa kitambaa cheupe, pamoja na bamba la jiwe na karatasi ya maneno: WASIO juu, MAREHEMU chini.

Fundi alianza na mstari wa chini.

"Mbona unaanzia huko?"

"Neno refu hutangulia. Fupi hutafutiwa katikati yake."

Ndivyo kazi ilivyo, na karani akavuta kiti. Saa sita fundi alimaliza U. Wakangoja kidogo. Jiwe halikujifunga.

Mwalimu, aliyekuwa akifagia, aliegemeza ufagio ukutani, akajinyoosha juu ya magunia na kufumba macho. Kifua chake kilitulia. Fundi akamgusa mkono. Ulikuwa wa baridi, kama inavyotakiwa.

"Endelea," alisema karani. "Bado neno moja."

"Patasi imekuwa butu."

Akaketi kuinoa. Alimwagia maji jiwe la kunolea, akanoa upande huu, akanoa upande ule, akajaribu ukali kwa ukucha, hakuridhika. Karani alikwenda kwenye ibada akarudi. Fundi alikuwa ananoa. Mkono ulimwaka mpaka begani, naye hakuinua macho. Patasi iliyoanza na urefu wa kiganja ilibaki kama kidole gumba.

Saa kumi na robo karani alisimama. "Ofisi inafungwa kumi na moja. Kibao hiki kisipoisha, naandika kwamba umegoma. Waliogoma tunawapeleka pale posta, fundi. Na jiwe lako atachonga nani?"

Fundi akachonga W. Mwalimu alifumbua macho. Kufikia S alikuwa amekaa, na O ilipofungwa alikuwa tayari na ufagio mkononi.

"W yako imeinama," alisema.

Karani akaikagua. Kweli ilikuwa imeinama. Baraza, alisema kwa kuudhika, halitundiki kitu kilichoinama. Atalivunja jiwe hili na kuleta lingine Alhamisi.

Jioni mama alimvuta fundi mlangoni. "Alilala?"

"Alilala."

"Muda gani?"

"Saa nne na robo."

Mama aliitikia kwa kichwa. Zilikuwa saa nyingi kuliko alizolala yeye usiku wowote tangu Ijumaa ile. Akaenda kuongeza sahani ya tatu.

Asubuhi yake fundi alikuwa wa kwanza kwenye duka la vifaa. Akaomba patasi ndefu kuliko zote walizonazo.