Baraka Ifike na Chini

Zacharie ndiye aliyemfundisha Eliezer kuchomelea vyuma, katika karakana yake pale Butembo, na kwa miaka kumi na miwili hakuona ubaya wowote. Ubaya ulianza Eliezer alipounda mashine ya kukaushia kakao hata siku za mvua. Tangu hapo watu waliingia wakimpita mwenye karakana, wakauliza, "Muvumbuzi iko wapi?" Mvumbuzi! Mtu aliyekuwa akiunguza kope kila wiki kwa kusahau miwani!

Wivu ulimkaa Zacharie kooni kama mwiba wa samaki. Asante ya punda ni mateke, alijiambia.

Kisha mfuko mmoja wa fedha wa mjini Beni ukaahidi kufadhili mashine mia mbili, mradi Eliezer apate brevet, ile hati ya serikali ya kumlinda mwenye kuvumbua. Sharti la brevet lilikuwa moja: siri ya mashine isionekane hadharani kabla ya kuweka faili. Siri yenyewe ilikuwa chini, mabati mawili yaliyoachana vidole vitatu, joto likapita katikati bila moshi. Eliezer aliifunika yote kwa turubai.

"Patron, siku ya mbili tushuke wote Beni kuweka dosye," alisema, yaani Jumanne.

Zacharie alikubali, akijua anapelekwa kupiga makofi.

Jumapili ilikuwa ya mavuno. Parokiani kila mtu huleta kazi ya kwanza ya mikono yake ibarikiwe: huyu maharagwe, yule mbuzi, na Eliezer mashine yake ndani ya turubai. Padri akainyunyizia maji juu. Hapo Zacharie akasogea, uso umejaa ibada, akaishika miguu.

"Padiri, baraka ifike na chini! Kule njo moto iko!"

Kabla Eliezer hajafungua kinywa, mashine ilikuwa imelala ubavu, turubai limeanguka, simu hamsini zimeinuliwa. Zacharie aliona raha, raha tupu, akaimba Aleluya kuwashinda wanakwaya. Butembo kitu kikionekana asubuhi, jioni kinauzwa. Jumanne, wakishuka Beni kwa pikipiki, walihesabu mashine tatu za namna ile kando ya barabara.

Mama Delphine, afisa wa mfuko, mzaliwa wa Kasai asiyependa maneno mengi, aliweka simu mezani. Video ilionyesha mgongo wa mtu na mikono miwili ikigeuza mashine.

"Kitu chenye batu bote banajua, brevet hapana. Donc, na pesa hapana. Huyu mwenye kugeuza njo nani?"

Zacharie aliinamisha kichwa, akingoja kutajwa.

"Mukristu mumoja tu, mama," Eliezer alisema taratibu. "Alitaka baraka."

Mama Delphine akafungua faili. "Pole kwenu wawili. Kwa mustari ya kwanza ya bavumbuzi kuko jina Zacharie, ya pili Eliezer. Nusu kwa nusu."

Zacharie akainua kichwa.

"Zile bati mbili nilionaka kwa mbabula yako, patron," Eliezer alisema. "Ile jiko ya kuchemshia chai, uliitengenezaka weye mwenyewe. Nilitaka ujue leo, wakati ya kusaini."

"Basi njo weye Papa Zacharie?" mama Delphine akauliza.

Zacharie aliitikia kwa kichwa tu. Mezani video ilikuwa imeanza tena, ikipaza ile sauti ya baraka ifike na chini, na angetamka neno moja tu, yule mama angeitambua sauti.