Mstari wa Tatu kwenye Chaki

Saa nne asubuhi Benedicte aliwagawia wanafunzi wake chaki nyeupe, kijiti kimoja kimoja, na esansi, yaani petroli, kidogo ndani ya bilauri. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Bujumbura, kwa hiyo wanafunzi wa chuo wa mwaka wa kwanza, wale wa pwani ya ziwa, walisomea kemia katika ghala la samaki hapo Rumonge. Kila mmoja alikuja na mawese ya kwao. Walipaka tone karibu na mwisho wa chaki, wakaisimamisha ndani ya esansi, wakangoja. Esansi hupanda na chaki ikibeba rangi ya manjano ya mawese hadi juu. Vinavyoing'ang'ania chaki hubaki chini.

"Madamu, yangu iko na mistari tatu," alisema Chanceline, binti wa Samy mwenye kinu cha mawese.

Benedicte akainama. Juu manjano, katikati ukungu wa kahawia, na chini, kwa herufi ndogo: *Hubert, chini ya muchikichi wa saba.* Mwandiko ulikuwa wa Hubert mwenyewe, mumewe. Ile H ilikuwa na mkia kama ndoana, na miaka minane ya ndoa haikuwa imeunyoosha.

"Pima kila mstari, andika kwenye kaye yako," alisema kwa sauti kavu. Moyoni alikuwa anachemka.

Mwaka mzima Samy alikuwa akimwambia kwamba Hubert amevuka kwenda Kigoma, na kwamba yeye anamtunzia tu michikichi yake mpaka amani irudi. Alimwita shemeji. Krismasi alimletea kidumu cha mawese, naye akayapikia maharage, akala, akashukuru.

Mchana alimpelekea chaki kinuni. Samy akavaa miwani, akasoma mara mbili.

"Iko yeye," alisema. "Huo mukono ni wake."

"Ulimuua."

"Shemeji, wewe uko mutu wa masomo. Mawese mabichi iko na uchafu. Nitakutumia ya kuchuja."

Macho makavu, hata sauti hakushusha, na wanajeshi wawili wanakula pale pale mlangoni. Benedicte alimchukia hadi meno yakamuuma.

Mawese ya kuchuja yakaja kweli. Mwandiko ukatoka safi zaidi, na safari hii ulimtaja Samy. Benedicte akaipeleka chaki kwa mwendesha mashtaka. Karani aliisoma, akaandika kwamba chaki ni mali ya chuo, akaamuru irudishwe.

Kwenye mtihani aliuliza kwa nini mstari wa tatu haupandi. Chanceline aliandika: "Umeshikamana na chaki, na esansi haina nguvu ya kuubandua."

Jibu lilikuwa sahihi. Benedicte alimpa alama zote, kalamu ikatoboa karatasi.

Nje, lori la Samy lilikuwa linaelekea Bujumbura na mapipa yake, wanajeshi mbele, wanajeshi nyuma. Barabara ilikuwa imefunguliwa kwa ajili yake.